Namba Zinalingana

Kazi yangu ni kuwaambia watu bei ya wanachokipenda.
Hunilipa dola mia mbili,
na wengi hunichukia kabla kahawa haijapoa.

Saginaw, mwezi wa Machi, theluji imegeuka tope jeusi.
Bi Dolores Wieczorek anausukuma mlango wa banda kwa goti,
mikono yote miwili imekumbatia kikombe.
"Ndiye huyo," asema.
Huyo, si hilo.
Nami naandika: Pontiac, sitini na tisa, kijani cha chupa,
milango miwili, silinda nane.

Nina sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa isikwaruze.
Naipitisha ubavuni polepole.
Penye chuma hung'ang'ania, penye puti huteleza.
Ikaniangukia kiganjani juu ya gurudumu la nyuma, kushoto.
"Hapo Zygmunt aligonga nguzo ya kanisa
siku ya ubatizo wa Renata.
Padri alicheka. Yeye hakucheka."
Toa elfu mbili.

Kiti cha dereva kimeshonwa kwa uzi usiofanana.
"Mbwa," asema, na hakuongeza neno.
Toa mia nne.

Nikalala chali kwenye saruji, tochi mdomoni:
kutu imekula sakafu upande wa abiria,
tundu la kupitisha sarafu.
Chumvi ya barabara, miaka ile lilipokwenda kiwandani
hata kwenye baridi kali, kwa kuwa hawakuwa na jingine;
gari la mashindano, limebeba viazi na nepi.
Toa elfu tatu.

Nimeona haya mara nyingi, wala sijapata namna ya upole ya kuyasema:
walipoishi watu ndipo bei inaposhuka.
Gari lililofunikwa turubai likasahauliwa,
hilo ndilo wanaloligombania.

Kisha injini. Nikafuta grisi kwa kidole gumba,
nikasoma namba, nikatazama karatasi,
nikaisoma tena.
Hapa huwa navua miwani.
"Mama, hii siyo injini lililozaliwa nayo."
"Najua. Ile niliiua mimi."

Sabini na tatu, usiku, barabara ya kwenda Bay City,
kijana mwenye Dodge ya manjano
alimtazama kwenye taa nyekundu, akatabasamu vibaya.
Alikuwa na mimba ya miezi mitano.
Taa ikawaka kijani.
"Nilimshinda," asema, "ndipo pistoni ikatoboa ukuta.
Zygmunt akawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyesahau oili.
Fundi mzima! Walimtania mpaka siku tuliyomzika."

Toa elfu kumi na tano, nikasema,
nikiangalia viatu vyangu.

Akamaliza kahawa, akakung'uta tone la mwisho sakafuni.
"Njoo."

Nyuma ya banda, chini ya magunia na makopo ya rangi,
chuma kizito kimebeba vyungu vitatu vya maua yaliyokufa.
Ubavuni tundu la kuingiza ngumi, limezibwa kwa weldi,
weldi ya mtu aliyekuwa na hasira, au subira, sijui.
Nikapiga magoti kwenye matope na suruali yangu ya kazi.
Nikapangusa. Nikasoma tarakimu mojamoja kwa sauti.

Zililingana.

"Haya, hesabu upya," akasema.
"Na huyo mnunuzi wa Arizona hatauziwa mbuzi kwenye gunia.
Tundu nitamwonyesha mwenyewe."

Nikarudisha kumi na mbili, nikazuia tatu kwa ajili ya tundu.
Akaisoma karatasi kwa muda mrefu,
midomo ikitembea.
"Umesahau kitu."
Nikapitia safu zote: rangi, bodi, kutu, giaboksi, kiti.
"Nilimshinda," akasema. "Hilo hukuliandika."

Miaka ishirini na sita katika kazi hii,
na mahali pa maelezo mengine huwa napaacha patupu.
Nikaandika: Lilimshinda Dodge, mwaka wa sabini na tatu.
Shahidi: dereva.
Akachukua kalamu, akatia saini.